Sema Mara Moja

Saa tisa usiku, ofisi ya Saccos, nyuma ya stendi ya Moshi.
Seva inapumua kama mwenye pumu
na kiendeshi cha kadi ya mtandao
kinaandika kile kile:
Pakiti imechelewa.
Pakiti imechelewa.
Pakiti imechelewa.
Mara elfu arobaini na moja
tangu Aisaria afunge dirisha la malipo.
Na pakiti zenyewe zilishatumwa upya, zikafika.
Hakuna anayeugua hapa,
ni kusimulia tu.

Wanasema kelele za chura
hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Kweli. Vyura wa Njoro wamepiga kelele tangu sijazaliwa
na ng'ombe wanakunywa, wanarudi.
Ila methali haikumuuliza mchungaji
aliyekuwa akitega sikio, katikati ya vyura,
asikie tawi likivunjika.

Tawi langu lilivunjika juzi.
Mstari mmoja ndani ya elfu arobaini:
Feni imesimama.
Niliupita kama unavyopita bango lililopauka.
Kufika asubuhi mashine imeungua,
malipo ya kahawa hayatoki,
na Mama Ndeshau, aliyeshuka kutoka Kibosho,
amekaa kwenye benchi, mkoba magotini.
Alisema mara moja tu:
"Shule inafunguliwa kesho."
Hakurudia.
Hadi leo namsikia.

Basi usiku huu nimefungua msimbo.
Kukiziba mdomo ni kazi ya mstari mmoja,
na kidole kilishafika kwenye kitufe.
Nikakirudisha.
Nimeandika saba:
ukiona jambo, sema.
Likijirudia, hesabu kimoyomoyo.
Saa ikiisha, toa jumla, unyamaze.
Na lile ulilokwisha kulitengeneza mwenyewe
lisitoke kama onyo, mwanangu,
liandike pembeni, kwa atakayeuliza.

Nawasha upya.
Skrini tupu. Dakika kumi, tupu.
Ukimya nao una hofu yake:
nimekitibu, au nimekiua?
Nachomoa waya kwa makusudi, nauchomeka.
Kiungo kimekatika. Kiungo kimerudi.
Basi.
Nacheka peke yangu kama mwehu.

Saa kumi kamili:
Pakiti zimechelewa, mara 2,316.
Mstari mmoja, kama mtu mzima anayetoa salamu.

Chai kwenye chupa imepoa.
Huko Njoro bado wanaendelea, wale.
Na hapa, kwa mara ya kwanza,
naisikia feni mpya,
ina kamlio kadogo upande wa kushoto.
Kesho nitaifungua niitazame.