Reale ya Kijerumani Yenye Tundu

Kwa sonara Mohadhari,
jiko likiwa tayari,
nikaizuia nari
isile wangu mgeni.

Yatoka penye baridi,
kwenye giza la migodi;
yaja Lamu, hairudi
tena kwao Udachini.

Imegongwa lini? Mwaka:
moja, sita, zimeshika,
za mwisho zimefutika
kwa majasho ya shingoni.

Ina jitu la msitu,
nywele tele, nusu mtu,
halikuvaa viatu,
na mti u mkononi.

Kichwani, tundu la uzi:
wakusanyao wajuzi
husema hiyo ni wizi
uliokata thamani.

Nyingine nane ni nzima,
za mnada, za heshima,
zalala kama yatima
kwenye pamba, sandukuni.

Hii imejua mwili,
asumini na sandali,
na joto la mwanamwali:
aliyeivaa, nani?

Mohadhari hakucheka,
uzito akauweka,
fedha kwa fedha kataka;
tundu halina mizani.

Leo usiku nakaa,
nachungulia kwa taa.
Tunduni mwanga wang'aa.
Sitaiweka pambani.