Nyuma ya Risiti ya Luku

Nimeipanga safari nyuma ya risiti ya luku,
karatasi finyu, na mwandiko nao umebana:
Jumamosi. Pantoni ya saa moja, Kamanga.
Watoto watatu, mimi, mama mkwe akikubali.
(Baba yao yuko Kome; giza la mwezi halijaisha,
na dagaa hawamsubiri mtu.)
Nauli, kwenda na kurudi.
Matobolwa kwenye kopo la rangi, chupa mbili za maji,
nguo ya kubadili ya Sayi,
maana Sayi na maji ni tumbo moja.

Mwalimu Nzumbi ndiye aliyetuletea habari:
ng'ambo, kwenye kinu cha zamani cha pamba,
wametengeneza nyumba ya watoto.
Kuna mabomba ya kuziba na kuzibua,
baiskeli isiyokwenda popote ila inawasha taa,
vyungu vya kupiga, kila kimoja na sauti yake.
Na ukutani, alisema, kibao kimoja tu:
GUSA.

Limi ameuliza mara tatu.
Gusa kweli? Hata mwenye nyumba akituona?

Simlaumu. Jana nilijihesabia,
tangu kuwasha moto hadi uji kupoa,
nimetamka "usiguse" mara kumi na nne:
jiko, chaji, trei la mayai, mzani wa dukani,
kidonda cha mwenzio.
Masunga hata hasikii tena. Mwezi uliopita
aliifungua redio ya bibi yake, akaifunga,
zikabaki skrubu tatu mkononi.
Redio inasema bado,
ila stesheni moja tu, ya Kiganda,
na bibi huisikiliza hivyohivyo, akitikisa kichwa
kana kwamba anakubaliana nao.

Jioni nikamsomea mpango.
Alikuwa anachambua choroko kwenye ungo,
mkono wa kulia unatafuta, wa kushoto,
wenye vidole vinne, unashikilia.

"Tunalipa ili tuguse?"
"Watoto ni nusu bei, mama."
"Kinu kipi?"

Nikamtajia.
Choroko zikanyamaza.

"Niliingia pale sijaolewa," akasema.
"Msimu ule pamba ilifika kwenye mabati,
nyuzi zinaruka kama kumbikumbi,
tunakohoa nyeupe hadi usiku.
Mashine ilikuwa na kibao chekundu.
Kimeandikwa nini, sijui, sikuwa nimesoma.
Nilikisoma kwa kidole."

Mwalimu alisema mashine ipo bado.
Wameitoa mkanda, wameyasaga meno yake,
wameipaka rangi ya papai lililoiva,
na mpini wa kuzungusha, kimo cha mtoto.
Pamba inaingia huku, mbegu zinatokea kule.
Hilo sikumwambia.
Nilichukua kalamu, nikapiga mstari juu ya jina lake
polepole, kama mtu anayefunika chungu.

"Umefanya nini hapo?"
"Nimekufuta, mama."
"Nirudishe."
Akachukua kijiwe kutoka kwenye ungo, akakitupa uani,
kuku wakakikimbilia bure.
"Na uandike nikae chini, kule kwenye pantoni,
magoti yangu hayataki ngazi."

Masunga, ambaye siri haikai kwake
zaidi ya mate mdomoni, akaropoka yote:
mkanda, rangi, meno, mpini.
"Utaizungusha, bibi?"

"Nitaanza mimi," akasema Nyanzobe,
na choroko zikaanza tena kulia kwenye ungo.
"Nyie mtapanga foleni."

Karatasi ikajaa. Iliyobaki nimeiandika mbele,
juu ya zile tarakimu ishirini
za umeme uliokwisha juzi:
bibi, mahali pa chini, karibu na mlango.
Dawa yake ya kifua.
Chenji ndogondogo.

Leo Ijumaa, kabla jua halijaingia ziwani,
amemwita Limi, amempa wembe,
ameinyoosha mikono yote miwili juu ya kanga.
Limi anakata taratibu, ulimi nje,
anahesabu kwa sauti
na anaishia tisa.