Pambizo

Ofisi yangu ina dirisha moja, linatazama Mwamba.
Vumbi la saruji hupenya hata nikilifunga,
likakaa juu ya madaftari kama unga juu ya chungio.
Jumatatu napangusa. Jumanne limerudi.

Mimi ni Nyaketcho, mtoto wa njaa ya mwaka ule,
karani wa kanseli, si mtawa, si mke wa mtu,
mtunza majina ya Jimbo Kuu la Tororo.

Kabla ya jimbo kuu palikuwa na jimbo.
Kabla ya jimbo, vikarieti ya Naili ya Juu,
pana kiasi kwamba padre wa Mill Hill
angeendesha baiskeli mwezi mzima
asitoke katika ukurasa wa askofu wake.
Kisha wakaanza kukata.
Rula, wino mwekundu, barua ya Kilatini kutoka Roma,
na watu wakalala wana wa huku, wakaamka wana wa kule,
ng'ombe wale wale, kisima kile kile.
Mwaka wa themanini Soroti ilipata askofu wake,
ikahama kama mwana na sufuria yake.
Tisini na tisa sisi tukaitwa kuu,
nayo ikarudi mezani, sasa ni ndugu,
pamoja na Jinja, Moroto na Kotido.

Wageni nawaeleza hivi:
nyumba chache ni jumuiya, jumuiya hufanya kigango,
kigango kina katekista, ngoma, na paa linalovuja;
vigango ni parokia, parokia ni dekania,
na juu yetu sote mtu mmoja amevaa palio,
sufi ya kondoo, katika joto hili.

Alhamisi alikuja Asekenye, kutoka upande wa Ngora,
viatu mkononi, mvua ilikuwa imemkuta stendi.
Mama yake anataka ndoa ya kanisani.
Ana miaka sabini na minane,
amezaa saba na mwanamume yuleyule, Yokonia Opolot,
na sasa anataka kukomunika kabla hajazikwa.
Padre anadai cheti cha ubatizo.
Daftari la kwao liliungua wakati wa vita,
"lakini wanasema nyinyi mlibaki na nakala."

Tulibaki nazo. Kabati la tatu, rafu ya chini,
mgongo wa kitabu umeliwa na mchwa hadi herufi N.
Nikashuka na kidole: Agnesi, Aloisi, Anna...
*Apolonia Amuge*, namba mia nne na kumi na mbili.
Jina la msimamizi wake lilikuwa tundu.

Halafu nikaona pambizo.
Mwandiko mdogo, wino mwingine, padre mwingine:
aliolewa na Stanislaus Okwii,
tarehe tisa Februari, sitini na moja.

Sheria yasema cheti kinakili pambizo.
Nilinyanyua kalamu, nikaiweka, nikaomba chai.
"Asekenye, huyu Stanislaus ni nani?"
Alitazama Mwamba muda mrefu.
"Kuna kaburi nyuma ya ghala la mtama.
Tuliambiwa ni la mjomba."

Kaburi si cheti. Nikamweleza njia:
mashahidi wawili wa kigango, barua ya paroko,
muhuri wa dekano, kisha askofu wa Soroti,
maana yeye sasa ni wa Soroti,
ijapokuwa siku ya maji na chumvi alikuwa wetu,
na siku ile ya Februari pia alikuwa wetu.
"Nimwambie mama kwamba mmeona?"
"Mama anajua," nikasema.
"Ni sisi wa ofisini tuliochelewa."

Nikanakili yote, tundu nikalichorea mstari.
Akauliza ni shilingi ngapi. Elfu tano.
Alifungua fundo la leso, akahesabu sarafu mezani,
na pale alipoziokota ili ahesabu upya
zikabaki duara ndogo ndogo katika vumbi,
ambazo leo, Jumatatu, bado sijazipangusa.