Buibui Kichwa Chini

Bati la biskuti lilikuwa chini ya magunia ya mtama,
kutu imelifumba mdomo kama mgonjwa anayekataa uji.
Shangazi Ayinpoka alilibandua kwa kisu cha kukatia nyasi za vikapu,
ikatoka harufu ya kafuri, ya chuma,
na ya mtu tuliyemzika Ijumaa
huku upepo wa jangwa ukitupaka vumbi hadi kwenye kope.

Nyota moja, ncha sita. Nilizihesabu mara mbili.
Nyota ya pili, pacha wa ile ya kwanza.
Duara la fedha, upande huu mfalme,
upande wa pili simba amesimama juu ya joka.
Na kipande cha kitambaa cha manjano, kimeliwa na nondo pembeni,
katikati yake buibui mweusi.

Babu Akolgo alitusimulia mawili tu ya vita:
kwamba Bama mvua hukunyeshea hata ndotoni,
na kwamba upara wa utosini mwake
"aliula Mfalme."
Tulicheka. Tulimwomba arudie, tukacheka tena.

Nilivifunga kwenye kitambaa cha kichwa, nikaenda Bolga
kwa Sajini mstaafu Amponsem, ambaye miwani yake ina mguu mmoja
na mwingine ni uzi.
Alizigusa riboni kama anayepapasa mtoto mwenye homa.
"Nyekundu katikati, buluu kando, chungwa jembamba:
hii ni Bama yenyewe.
Simba huyu alipewa kila mtu, hata mpishi."
"Na jina lake liko wapi?"
Akageuza nyota. Mgongo wake mtupu, laini kama kijiko.
"Walituletea hivihivi. Kuchonga majina, walisema, ni gharama."

Kisha akaona nimemshika buibui kichwa juu,
kama wa ukutani.
"Mgeuze, binti. Huvaliwa kichwa chini.
Ukinyoosha mkono kulenga bunduki,
buibui naye anamtazama adui."

Akafungua daftari lenye kurasa za rangi ya chai.
Kidole kikashuka, kikashuka, kikasimama.
Akolgo Bongo.
Si jina la baba yake. Karani alimwuliza umetoka wapi,
akaandika kijiji.
Na mbele yake, kwa wino uleule usio na haraka:
Mchukuzi. Mzigo wa kichwa.

Hakupewa bunduki.

Basi nikasimama pale ofisini, mbele ya kalenda ya mwaka juzi,
nikainua mkono wangu wa kushoto
kama ninavyoinua nikiwa na ndoo ya maji,
na Sajini akanibandikia kile kitambaa begani, asiseme neno.
Buibui akageuka. Akatazama juu,
kwenye kiganja, kwenye kreti la risasi za watu wengine,
kwenye utosi ambao haukuota tena nywele.
Alikuwa anapanda.

Ile nyota ya pili haikupatikana daftarini.
"Mtu mmoja hapewi mbili," alisema Amponsem, akanirudishia zote.
Nilizipeleka kwa mpima dhahabu sokoni: uzito uleule.

Usiku nilimwuliza Shangazi kama Babu aliwahi kutaja mtu.
Alikuwa akisuka, hakuinua macho.
"Kwenye homa, wiki ile ya mwisho, alikuwa akiita,
'Yamba, tua. Yamba, tumefika, tua.'
Mimi nilidhani ananichanganya na mtu,
nikawa naitika."

Hatuna Yamba katika ukoo wetu.
Bati nimelifuta kutu kwa majivu na ndimu.
Nyota zimo zote mbili, zimelaliana,
na sijui ipi ni yetu,
kwa hiyo kila nikizing'arisha
naanza na ile ninayodhani si yake.