Kichwa si Mita

Ngazi ya nyumba yetu Mkomani ina vidato kumi na saba;
cha kumi na nne ndicho kilichomwangusha Mwanaheri.
Bega limefungwa, mkono wa kulia umelazwa kifuani
kama mtoto wa kuazima,
na daktari kasema wiki sita.
Wiki sita! Na kichwa?
Barke, dadake, yuko Faza na mgonjwa wake,
binti yetu yuko chuoni,
na mke wangu hataki mkono wa jirani
utakaotoka hapa kwenda kuhesabu mvi zake barazani.

Basi nimeitwa mimi,
msoma mita za umeme,
mwenye vidole vya nyaya na kalamu.

"Ndoo hapa. Wewe keti juu, mimi nikae chini."
Miaka ishirini na mitatu ya ndoa
sijapata kukiona kichwa chake kwa juu.

Kwanza mafuta.
Asubuhi ya Julai, baridi imeingia hata kabatini,
chupa imeganda, nyeupe kama mshumaa.
Naelekea jikoni, ananikemea:
"Usiyachemshe, utayaua. Yakumbatie."
Nikaitia chupa kwapani, ndani ya fulana,
nikakaa kama mwenye homa na kipimajoto,
naye akacheka hadi bega likamuuma,
akanilaumu mimi kwa kicheko chake.

Yakaanza kulegea pembeni.
Kisiwa cheupe kikaelea katikati, kikapungua, kikapotea,
nikasikia harufu
ambayo miaka yote nilidhani ni ya mto wetu wa kulalia.
Nilidhani ni pamba.

Nazi nne zilizokomaa, anasema, tui la kwanza tu,
lilale usiku, alfajiri uengue utando,
moto mdogo wa makumbi
mpaka shata lijikunje, lipate rangi ya kahawa,
liyaache mafuta peke yake.
Tone la mbarika kwa nywele za ukingoni, maana zinakatika.
"Na rihani?"
"Rihani ni ya harusi. Yeo ni Jumanne."

Namimina.
Yanateremka shingoni, yanaingia derani.
"Wakaanga samaki?
Pasua njia kwanza, kisha tia kwenye njia.
Kwa ncha za vidole, si kwa kucha.
Kitwa changu si mita, hakuna cha kusoma hapo."

Lakini nasoma.
Nasoma njia kutoka paji hadi kisogo,
inapinda kidogo kushoto
kama uchochoro unaokwepa nyumba ya mtu mkali.
Nasoma palipoungua na dawa ya kunyoosha
mwaka ule wa harusi ya mdogo wangu,
alipotaka nywele zilale kama za mwanamke wa kwenye kalenda:
duara tupu, ukubwa wa senti kumi ya zamani.
Hakuniambia. Alijifunga ushungi.
Nami, nakumbuka, nilimwambia ushungi umekupendeza.

Hapo natia mafuta mara mbili.
Hasemi kitu. Shingo yake inalegea,
kichwa kinaangukia gotini kwangu, kizito, chenye joto.

Mvi nimezikuta nyuma ya sikio,
zimejibanza kundi zima
kama wadeni waliosikia nabisha hodi.
"Ni ngapi?"
Kazi yangu ni kuandika namba kama ilivyo.
"Mita mbovu," nasema. "Inasoma sifuri."
"Mwongo."
"Nitairipoti."

Kusuka kulinishinda, nisifiche.
Nilifunga mabutu mawili,
moja limeelekea Shela, jingine Matondoni.
Akayapapasa kwa mkono wa kushoto, taratibu,
akavuta leso, akafunika yote mawili.
"Kesho kutwa," akasema, "utarudia."

Mchana nikiwa kazini Langoni
kifuniko cha mita kiliniponyoka mara mbili.
Na kwenye daftari, ukurasa wa Julai,
kuna alama ya kidole gumba, ng'avu kama dirisha:
ukiielekeza juani
unauona ukurasa wa Agosti, bado haujaandikwa kitu.