Sponji Chini ya Nyuzi

Gethin Probert kaja na bisibisi mfukoni
na gitaa la besi mgongoni kama mtoto mwenye homa.
Februari, Port Talbot. Karakana yangu haina joto
ila lile la birika.

"Haziishi," akasema. "Noti.
Naanzisha moja, nahamia ya pili,
ya kwanza bado ipo mlangoni,
mgeni asiyejua kuaga."

Ndivyo anavyosikia tangu wamtundikie
kile kidude cha rangi ya ngozi nyuma ya sikio.
Sauti ya Nerys, mkewe, kinamletea vizuri;
kijiko kwenye kikombe kinamletea kupita kiasi;
lakini besi kinaileta kama uji uliomwagika,
hujui ulianzia wapi, hujui umekoma wapi.

Mimi ni mpiga ngoma.
Miaka thelathini na moja natazama kisogo chake.
Ngoma yangu kubwa ina mto tumboni,
mto wa kulalia, foronya yake ina maua,
na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.
Nikamwambia: na lako tulilishe kitu.

Tukaanza na sponji ya vyombo.
Upande wa kijani unakwaruza, tukaubandua.
Nikaichomeka chini ya nyuzi, jirani na daraja.
Akapiga. Tup.
Kiatu kimeanguka kwenye zulia.
"Umeliua," akasema.

Tukapunguza kwa kisu cha mkate.
Sasa uzi mnene ukatulia,
mwembamba ukaendelea kulia peke yake,
maana nyuzi nazo ni ndugu wa tumbo moja:
hazilingani kimo.
Tukajaribu soksi. Tukajaribu kipande cha kofia ya sufi,
kikafaa kwa nusu dakika, kisha kikateleza.
Chai ikapoa. Hatukusemezana.

Akatoka hadi garini.
Akarudi na vikinga masikio, vya manjano,
bado vimo ndani ya nailoni,
namba yake ya kazi imeandikwa kwa kalamu nene.
"Kila mwaka kiwandani walitugawia vipya," akasema.
"Kila mwaka nikavitundika msumarini."

Sikio la kufa halisikii dawa, husemwa.
Lakini lile halikuwa sikio la kufa.
Lilikuwa sikio zima la kijana wa miaka kumi na tisa
kwenye kinu cha kuviringishia bati,
kati ya wanaume waliocheka
kila aliyejiziba.

Sikusema hayo. Nilimpa mkasi.

Akachana nailoni kwa meno,
akaibandua ile sponji nyeusi, laini kama pua ya mbwa,
akaikata ngazi nne, ngazi kwa kila uzi,
akaipachika, akarudisha kifuniko cha kromu,
skrubu moja, skrubu mbili;
ya tatu ilishapotea zamani.

Akapiga.

Dum. Ikaingia, ikataja jina lake,
ikatoka na kufunga mlango nyuma yake.
Dum. Na nyingine. Kati yao palikuwa na nafasi
ya mtu kusimama.
Akainamisha kichwa upande wenye kidude,
akapanda ngazi ya noti polepole, akashuka,
akapanda tena, kama mwenye nyumba
anayehesabu vyumba baada ya mafuriko.
Nilijifanya natafuta skrubu ya tatu.

Jumamosi tukapiga klabuni, watu arobaini hivi,
nusu wakicheza, nusu wakingoja bahati nasibu ya nyama.
Hakuna aliyegundua kitu.
Nerys alisema tu kwamba besi imekonda.

Ila mimi. Miaka yote hiyo
ule uji wake ulinifunika kama blanketi.
Sasa kila noti inaishia pale inapoishia,
na katikati ya ule ukimya mdogo, safi,
nausikia mguu wangu wa kulia
ukichelewa.