Akina Margaret wa Ghorofa ya Tatu

Ukiita "Margaret!" katika ukumbi huu, hapa Greenock,
milango minne hufunguka kwa pamoja
na vichwa vinne vyeupe huchungulia,
kila mmoja akidhani chai ni yake.

Mimi ni dobi. Naijua nyumba hii kwa kola zake:
kila vazi na utepe wa jina nilioushona ndani,
na nikikosea, Margaret wa chumba cha saba
hushinda Jumapili nzima ndani ya sketi ya Margaret wa kumi na moja
asilalamike. Anasema inamkaa vizuri zaidi.

Basi nikauliza wanaitwaje hasa.
Peggy, akasema wa kwanza. Rita, wa pili. Meg.
Wa nne, Bi Dalgleish, aliyepiga taipu miaka thelathini
katika kiwanda cha sukari kule bandarini,
hakukatwa jina wala hakukubali kukatwa.
"Darasani tulikuwa saba," akaniambia,
"mwalimu akatuita kwa majina ya baba zetu, kama wanajeshi.
Siku hizo ukitupa jiwe kwenye foleni ya mkate
limempata Margaret, au mama yake, Margaret."

Palikuwa na malkia, asema, wa zamani mno,
aliyeolewa huku, akafanywa mtakatifu;
kisha shangazi akamrithisha mpwa, bibi akamrithisha mjukuu,
jina likapita mkono kwa mkono kama sufuria nzuri
mpaka siku moja nyumba zote zikawa nalo
na hakuna tena aliyelitaka.

Kirsty, muuguzi wetu, ana mimba ya miezi saba
na orodha ndani ya simu: majina ya maua, ya mito,
ya miji ambayo hajafika.
Nikamtajia Margaret. Akacheka hadi akashika kiuno:
"Hilo linanuka naftalini!"

Bi Dalgleish alikuwa hajamaliza.
Asili yake Ugiriki, akasema, akinyoosha blauzi:
ni ile punje ing'aayo ndani ya chaza.

Lulu.

Pasi ikaunguza foronya.
Maana bibi yangu mzaa baba, kule Masasi,
alibatizwa Magreti. Majirani wakamwita Makeleti,
watoto wakamalizia: Keleti, Keleti, bibi wa korosho.
Alimwuliza padri maana yake; padri akasema
"ni jina zuri," akaendelea na orodha.
Miaka themanini akalivaa kama kiatu cha msaada,
hakimwenei, hawezi kukitupa.
Angeniuliza mimi, ningemjibu vivyo hivyo: la Kizungu tu.
Lulu. Neno lenyewe alilijua, aliliimba kanisani.
Hakujua kwamba kila alipoitwa aje kula
ndilo lililokuwa likiitwa.

Peggy alifariki mwezi wa pili, theluji ikiwa ya kijivu.
Zilibaki tepe zake kumi na nne ndani ya mkebe wa biskuti.
Kirsty akasema nitupe.
Moja nikaishona kwenye kola ya koti langu,
upande wa ndani, uzi mweupe, kwa ajili ya Keleti.

Wiki iliyofuata koti likapotea.
Nimelikuta chumba cha tisa, kilichokuwa cha Peggy:
wa zamu ya usiku wamesoma jina wakalirudisha kwao.
Mgeni wa chumba hicho anaitwa Senga
(ni Agnes, amenieleza, aliyesomwa kinyumenyume).
Alikuwa amelivaa, amefunga vifungo vyote,
anaitazama mvua.

Nimemwachia mpaka saa ya chai.